Nyuzi Nne, Visanduku Viwili

Jumatatu, 10 Novemba 2025

Imebaki wiki mbili za essai, za kupimwa kazini. Ijumaa ya tarehe 21 Madame Alya ataniambia: baki, au kwaheri. Mbele ya watu najifanya sijali. Hapa naandika ukweli – nataka kubaki, nataka sana! Diploma yangu ya informatique, ya kompyuta, imelala miaka minne ndani ya sanduku, chini ya vitenge vya harusi. Sasa imetoka, mikunjo imeanza kunyooka. Sitaki irudi mule.

Nimechoka leo. Bukuru aliamka saa kumi alfajiri, Butoyi saa kumi na moja. Wanapangiana zamu, hao mapacha wangu, ili mi nisilale. Halafu basi hakuna, mafuta hakuna, nimetembea toka Kamenge mpaka Quartier Asiatique, mguu wa kushoto umeota lengelenge. Biro yetu, ofisi, iko ghorofani, juu ya duka la vitambaa la mzee Obeid, baba mdogo wa Madame Alya. Kila asubuhi mzee ananisalimia vilevile: panda binti yangu, huko juu mashine zinajifanya mashine! Anacheka mwenyewe.

Lakini ni kweli. Ndiyo kazi yetu. Sami anaandika programu inayojifanya prosesa, ule ubongo wa kompyuta. Yeye anasema simulateur, mi naandika kiigizo. Kuna chuo kimoja kinaitaka, wanafunzi waone prosesa inavyofanya kazi ndani. Sami anaandika, mi najaribu, nilichoona naweka kwenye rejista. Madame Alya anatuangalia wote wawili.

Leo kuna kipya. Mpaka wiki jana prosesa yetu ilikuwa na kiini kimoja. Sami ameongeza cha pili. Kila kiini kina nyuzi mbili, mmoja kwenye kiti sifuri, mwingine kwenye kiti moja. Uzi – niandike nisisahau – ni njia moja ya kazi, amri zinapita humo moja baada ya nyingine. Nyuzi mbili zinapokezana ndani ya kiini kimoja kama watoto wawili na sahani moja.

Wiki jana Sami aliniuliza nitaziitaje kwenye rejista. "Uzi wa kiti sifuri" na "uzi wa kiti moja" ni maneno mengi, nafasi ni ndogo. Nikasema Bukuru na Butoyi. Alicheka mpaka akaegemea ukuta. Pacha wa kwanza na pacha wa pili! Bon, andika hivyo, Mama Bukuru. Basi naandika hivyo. Nchi hii ukizaa mapacha hutafuti jina, jina liko tayari linakungoja. Wangu kwa batizo ni Carmen na Esperance, lakini nani anawaita hivyo? Padri peke yake.


Jumanne, 11 Novemba

Mvua toka asubuhi. Na mi leo ni shujaa!

Zoezi la nne, kati ya kumi ya kile chuo. Kila uzi unaiuliza prosesa: mi ni namba ngapi? Prosesa inajibu. Uzi unaenda kwenye kisanduku chenye namba ile, unaweka alama mia moja. Nyuzi nne, visanduku vinne: sifuri, moja, mbili, tatu. Mwishoni kila kisanduku kiwe na mia. Hata Butoyi angeelewa.

Kiigizo ni polepole, yewe! Kazi ambayo prosesa ya kweli inaifanya kabla hujafumba jicho, kwetu ni dakika nne nzima. Nikanywa chai. Nikakausha viatu juu ya kompyuta ya Sami, kule nyuma kunakotoka joto, yeye hajui.

Imetoka hivi. Kisanduku sifuri – mia mbili. Moja – mia mbili. Mbili – bure, hakuna alama hata moja. Tatu – bure kabisa!

Nikachukua listi ya hatua zote, ile ambayo kiigizo kinachapa, nikafuata kwa kidole. Bukuru ameingia kisanduku sifuri. Chini kidogo, Bukuru ameingia kisanduku moja. Butoyi naye vilevile, sifuri halafu moja. Wanatembeatembea! Nikaandika kwa herufi kubwa: UZI UNABADILISHA NAMBA KATIKATI YA KAZI. Nikampelekea Sami mkono kwa mkono. Akapiga mluzi. Madame Alya akasema, vizuri, Benite. Maneno mawili tu. Nimerudi Kamenge kwa miguu kama mtu mwenye gari.


Jumatano, 12 Novemba

Sami anatafuta uzi unaotembeatembea. Hajaupata.

Nyumbani: Butoyi amekula chaki ya jirani yangu Marguerite. Ya bluu. Tunasubiri.


Alhamisi, 13 Novemba

Sami bado anatafuta. Hajala mchana, hajatania mutu. Nilimpa nusu ya mandazi yangu, akala bila kuniangalia. Moyo wangu umeanza kufanya kelele kidogo.

Chaki imetoka salama.


Ijumaa, 14 Novemba

Siku mbaya. Niiandike upesi niimalize.

Saa tano Sami ameniita. "Mama Bukuru, kuja hapa. Kaa. Fungua macho." Akanionyesha uzi mmoja, hatua kwa hatua, toka mwanzo mpaka mwisho. Namba yake haijabadilika hata mara moja. Akachukua wa pili. Haijabadilika. "Siku mbili na nusu, sha! Huyu wako wa kutembeatembea iko wapi? Unionyeshe, nimusalimie!"

Nikasema lakini visanduku viwili ni bure. Akasema zoezi nililichapa mimi, basi nimelichapa vibaya. Kwamba watu wa kuchapa wabaki kwenye kuchapa. Alisema kwa kucheka, lakini mdomo tu ulicheka.

Madame Alya amenichukua pembeni. Yeye hapigi kelele, angepiga ingekuwa afadhali. Mzee Bahizire, profesa wa kile chuo, anakuja Ijumaa ijayo saa nne kuangalia mazoezi yake kumi. Siku zilizopotea hazipo tena. "Benite, ukisema kosa, liwe kosa. Sina nafasi ya mutu wa kuniogopesha bure."

Nimeingia chooni, nimelia kiasi, nimenawa. Nikatoka, nikaenda mpaka meza yake. Nikasema: Madame, nimekosea pengine kuhusu uzi. Lakini kisanduku mbili na kisanduku tatu ni bure, hilo nimeliona kwa macho yangu, na zoezi sikulichapa vibaya. Nimelisoma mara tatu.

"Jumatatu asubuhi," akasema. "Asubuhi tu. Ikifika saa sita tunaendelea na mengine."

Bwana yangu Jérémie ameniuliza kazi ilikuwaje. Nimesema nzuri. Amepika yeye, ndagala na bugali, bugali imekuwa mawe. Tumekula mawe.


Jumapili, 16 Novemba

Nimejua! Nimejua, nimejua!

Tumetoka misa. Wifi yangu amekuja kututembelea, dada mukubwa wa Jérémie, toka Gihosha, mwanamke wa kuona kila kitu. Kwenye uwanja wetu kuna milango miwili: wangu na wa Marguerite. Marguerite ni mutu wa Uvira, ndiye ananilelea watoto nikiwa kazini, na bila yeye mi nisingekuwa na kazi wala akili. Sasa yeye naye alizaa mapacha, wasichana, miezi mitatu kabla yangu. Bwana yake ni Mrundi kama wangu. Basi nao ni nani? Bukuru na Butoyi. Wanne wote vichwa vimenyolewa, wanne wote leo walikuwa na matope mpaka masikioni.

Wifi alikuwa ameketi katikati ya uwanja, anapepea. Mara akaanza kelele. "We Benite! Mutoto wako Bukuru ni mulafi! Nimemuona anakula kwa mulango wa Marguerite, sasa hivi tena anakula kwa mulango wako! Mutoto mumoja, nyumba mbili!"

Marguerite akatoka na mwiko, anacheka mpaka machozi. "Apana, dada! Huyo ni Bukuru wangu, huyu ni Bukuru wake. Kila mumoja amekula kwao."

Mi nilikuwa nimeshika bakuli la maharage. Nilisimama tu. Bukuru wangu, Bukuru wake. Kila mmoja kwao.

Mungu wangu, ni mimi! Toka Jumatatu prosesa ina viini viwili. Kila kiini kina kiti sifuri na kiti moja. Kila kiini kina Bukuru na Butoyi wake! Na mi naandika tu Bukuru, Bukuru, kama wifi. Hakuna uzi uliotembea popote. Walikuwa wawili.

Marguerite ameuliza kama maharage yamenimwagikia, mbona nimetoa macho. Nimemkumbatia na mwiko wake. Wifi amesema watu wa biro wanachoka vichwa mapema.

Lakini sasa swali linabaki. Kama kila mmoja amekula kwao – kwa nini visanduku viwili ni bure?


Jumatatu, 17 Novemba

Nimefika saa moja na robo, mzee Obeid anafungua duka. Kanipa kahawa ya tangawizi kabla ya kupanda. Akasema leo uso wangu unataka kumpiga mutu. Nikasema bado kidogo.

Listi ina safu ndogo mwishoni, pembeni kabisa, herufi A au B. Ndiyo kiini! Wiki nzima ilikuwa pale. Sikuinakili kwa sababu rejista yangu haina nafasi. Leo nimechora rejista upya kwa rula. Bukuru wa A, Butoyi wa A, Bukuru wa B, Butoyi wa B. Nikaanzisha zoezi la nne. Dakika nne. Sikukaa.

Kisanduku sifuri: Bukuru wa A na Butoyi wa A. Wote wawili!

Kisanduku moja: Bukuru wa B na Butoyi wa B. Wote wawili!

Nikaelewa polepole, kama mtu anayepanda ngazi na ndoo. Uzi unauliza mi ni namba ngapi, prosesa inajibu namba ya kiini. Sio ya uzi. Ni kama nimuulize mtoto jina lako nani, anijibu jina la nyumba. Pacha wote wawili wanatoa jibu moja, wanaingia chumba kimoja, vyumba viwili vinabaki na mlango wazi.

Sami amekuja saa mbili. Nimemwambia, Sami, kwanza nisamehe. Uzi wa kutembea haukuwepo, ni mimi niliandika majina bila nyumba, nimekupotezea siku mbili na nusu. Amesema tatu. Nikasema sawa, tatu. Sasa kaa. Amesema ana kazi. Nikasema, Sami, kaa. Kwa ile sauti ninayowaambia wangu nikiona wanakaribia mkaa. Amekaa!

Nikafanya hivi, na hii nimeifikiri mwenyewe njiani, mbele ya soko: nikazima kiini B chote. Kikabaki A peke yake, nyuzi mbili. Kama prosesa inajua watoto, kisanduku sifuri na kisanduku moja vyote vitajaa. Kama inajua nyumba tu, sifuri itabeba mia mbili, moja itabaki bure. Tukasubiri. Sami alikuwa anatafuna kifuniko cha kalamu.

Sifuri – mia mbili. Moja – bure.

Sami alitema kifuniko. Halafu akasema neno la Kifaransa ambalo siwezi kuliandika, na tena Kirundi chake. Halafu: "Ni mimi. Iko kwangu." Madame Alya alikuwa mlangoni, sijui toka lini. Ameuliza, hili ni kosa? Sami amesema ego, ndiyo, hili ni kosa.

Saa nne na nusu tu. Kabla ya saa sita!


Jumanne, 18 Novemba

Sami ametengeneza. Sasa namba inatolewa kwa kufuata nani ameamka kwanza. Uzi wa kwanza kuamka unaitwa sifuri, wa pili moja, wa tatu mbili, wa nne tatu. Amesema, kama mukunga anavyofanya na mapacha wako, Mama Bukuru: anayetoka wa kwanza ndiye Bukuru, imekwisha.

Zoezi la nne: mia, mia, mia, mia. Nilipiga makofi peke yangu. Mzee Obeid ametuletea sambusa, akauliza mashine zimeacha kujifanya? Madame Alya amekula tatu. Sami amenibakishia ya mwisho, na yeye anapenda sambusa kuliko mama yake.

La tano limepita. La sita limepita.

Nimefika nyumbani nikalala nimekaa, kijiko mkononi. Jérémie anasema Bukuru alikuwa ananilisha, ati nilikuwa natafuna.


Jumatano, 19 Novemba

Zoezi la saba. Laiti ningeugua leo.

La saba linasema: lalisha uzi mmoja, uache mwingine ufanye kazi, halafu uamshe ule uliolala, wote waendelee. Nikamlalisha Butoyi wa B, alikuwa namba tatu. Nikamwamsha. Akauliza mi ni namba ngapi. Prosesa ikamhesabu upya, kama wa tano kuamka: akaambiwa nne.

Kisanduku nne hakipo. Kila kitu kikasimama. Kioo kikaganda kama picha.

Nimerudia mara tatu. Nimebadilisha, nikalalisha Bukuru wa A. Vilevile, ameamka na jina jipya.

Sami amesema apana, apana, apana, kwa mikono miwili kichwani. Halafu akavuta kiti karibu akasema kwa sauti ndogo: sikia, Mama Bukuru. Mazoezi ni kumi. Mzee Bahizire atataka kuona la kwanza, la nne, pengine la kumi. Hakuna profesa anayefika la saba, anakuwa amesikia njaa. Tutatengeneza wiki ijayo, pole pole.

Nikasema, Sami, Bukuru wangu akilala mchana na Butoyi akatangulia kuamka, anakuwa nani? Akasema anakuwa Bukuru, sasa je. Nikasema basi.

Nikachukua karatasi. Kiini A nikakipa sifuri, B moja. Namba ya kiini zidisha mbili, ongeza namba ya kiti. A kiti sifuri: sifuri. A kiti moja: moja. B kiti sifuri: mbili. B kiti moja: tatu. Anaweza kulala mwezi, akiamka jina lake liko pale kwenye kiti chake, linamngoja. Hesabu ya darasa la nne hii.

Ameangalia karatasi. Uso ukamfungika. Amesema vitu vya ndani sio rahisi hivyo, namba hizo zinaguswa na mahali pengi, akibadilisha leo kitu kingine kitaanguka Ijumaa. Pengine ni kweli, mi sijui ndani. Ameikunja karatasi lakini hakuitupa. Ameiweka mfukoni.


Alhamisi, 20 Novemba

La nane sawa, la tisa sawa, la kumi sawa.

Saa nane Madame Alya ameniita. Mezani karatasi ya majaribio: mistari kumi, zoezi la kwanza mpaka la kumi, kila mstari una nafasi ya kuandika "imepita". Chini pa kusaini mutu aliyejaribu. Hii ndiyo Mzee Bahizire atapewa mkononi. Akasema mkataba wangu ameshauandika, uko kwenye droo, kesho mchana tutausaini tukimaliza na mgeni. Alifurahi kuniambia, niliona. Ana macho mazuri akifurahi.

Nikamwambia kuhusu la saba.

Akaweka kalamu chini. Sami akaangalia dirishani, akasema ni kitu kidogo, kinatokea tu ukilalisha. Madame Alya akaniuliza: unaweza kuandika imepita, halafu sisi tunalitengeneza Jumatatu? Hakulazimisha. Aliuliza kama mutu aliyechoka, na mi najua kuchoka.

Nikasema, Madame, nipe mpaka kesho. Karatasi iko hapa nyumbani, ndani ya Biblia isikunjike.

Jérémie anatengeneza friji za watu. Nimemsimulia yote. Akasema saini tu, mama watoto, nani ataangalia mstari wa saba? Nikasema, na we, friji ikikushinda, unamrudishia mwenyewe unamwambia imepona? Akafikiri. "Siwezi," akasema. "Kesho yake nyama itanisema mutaa wote."

Halafu akacheka, mi nikacheka, watoto wakacheka bila kujua. Halafu nikakumbuka mkataba wangu: droo bado ni droo.

Nimeandika "imepita" kwenye mistari tisa. Ule mmoja nimeuangalia sana.


Ijumaa, 21 Novemba

Saa tatu na dakika ishirini. Naandika bironi, daftari juu ya goti.

Nimefika nikaweka karatasi mbele ya Madame Alya. Mistari tisa imepita. Mstari wa saba nimeandika BADO. Chini jina langu lote na saini. Saini imenyooka.

Nikamwambia, Madame, la saba halijapita na siwezi kuandika limepita. Kama leo ni siku yangu ya mwisho, nashukuru. Nimejifunza mengi.

Ameisoma karatasi kama hajawahi kuiona. Ameisoma tena. Halafu hakunijibu mi, amegeuka kwa Sami: "Sami. Mutu wa kujaribu amesema bado. Una dakika ngapi?" Sami akasema chef, bosi wangu, mgeni anakuja saa nne! Madame akasema ndiyo sababu nauliza.

Sami ametoa karatasi yangu mfukoni. Ina alama ya mafuta ya sambusa. Ameinyoosha mezani kwa kiganja. Hajaniangalia, lakini amesukuma kiti cha pili kwa mguu, kikaja mpaka kwangu. "Kaa. Mi nabadilisha, we unasoma namba. Nikiangusha kitu usinyamaze."

Tangu lini mi nimenyamaza?

–

Saa tatu na dakika thelathini na tano. Mara ya kwanza – kiigizo hakikuwaka kabisa. Alisahau mahali pamoja. Ameapa kwa lugha zote.

–

Saa tatu na dakika hamsini. Mara ya pili. Dakika nne za kusubiri, ndio nimepata nafasi ya kuandika. Chini nasikia sauti ya mutu mugeni, nzito, ya kucheka. Mzee Bahizire amefika! Mbele ya wakati! Mzee Obeid amemshika dukani, namsikia: kaa kwanza profesa, kahawa, halua ya nyumbani, huko juu hawakimbii. Mungu ambariki yule mzee na halua yake.

Imetoka. Zoezi la nne: mia, mia, mia, mia. Halijaanguka! Sami anasema usishangilie, hilo ni la nne. Weka la saba.

–

La saba linatembea. Nasoma kwa sauti, Sami amefumba macho, hataki kuona. Bukuru wa A – sifuri. Butoyi wa A – moja. Bukuru wa B – mbili. Butoyi wa B – tatu. Tumemlalisha Butoyi wa B. Wengine watatu wanaendelea. Wanaendelea vizuri.

Viatu kwenye ngazi. Vizito. Viwili viwili, anapanda bila haraka.

Madame Alya amesimama mlangoni, mkono juu ya fremu, anaziba njia na mtandio wake wote. Namsikia: "Karibu sana, Mzee. Nisamehe, dakika moja hapo hapo. Mukaguzi wetu hajamaliza."

Sauti nzito imesema ah bon? Halafu: anakagua zoezi gani?

"La saba," amesema Madame Alya.

Kwenye ngazi Mzee Bahizire amecheka, sijui ni kucheka kwa namna gani. Sami ameshika ukingo wa meza, macho bado amefumba. Ananiuliza kwa mdomo tu: ameamka? Amesema ngapi?

Subiri, Sami. Anaamka sasa –